Pale Inaporuka

...wala si damu, ni rangi ya kucha, huyu Bogere naye tangu vita ipite kila chekundu kwake ni damu, ameinama akalitazama lile tone katikati ya santuri akauliza, "Mwarimu, iyo damu?" na Mwalimu Wamboga akajibu tu, "Sijui, niliikuta nayo," akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka kwenye gramafoni yake ya sanduku inayokula betri ya gari, akashusha sindano akiwa amewapa mgongo, na sasa fidla nne zinaimba hapa sebuleni kwake Mbale, Jumapili baada ya chakula cha mchana, madirisha wazi, chai imeshamiminwa na hakuna anayeigusa, na katika watu wanne waliomo humu ni Ramula peke yake anayejua kwamba tone lile ni rangi ya kucha, tena ya kucha zake mwenyewe, alilidondosha kwa mkono wake upande wa kwanza ili mumewe asiwe anakosea upande, maana marehemu Faraj alikuwa dereva wa lori la jeshi, barabara alizijua zote mpaka Kitgum lakini herufi zilimpiga chenga, akiiona rangi ya kucha anajua, ah, hapa ndipo pa kuanzia... santuri hii ni yake, ya Ramula, haina mjadala, iliporwa nyumbani kwake Kimaka, kule Jinja, mwaka wa sabini na tisa serikali ilipoanguka, na leo, baada ya vita ile na nyingine iliyofuata, imechomolewa ndani ya foronya ya Mwalimu Wamboga mbele ya macho yake, na yeye amekaa hapa ameshika kisahani cha chai hajasema neno, si kwa kuogopa, Ramula hamwogopi mtu, anangoja shahidi, maana tone la rangi mtu anaweza kulikana, kina mama wangapi Uganda hii walipaka kucha nyekundu, lakini santuri hii ina mkwaruzo, na kwenye mkwaruzo sindano huruka, inaruka mahali pamoja tu, katikati ya kipande cha pili, na mahali hapo Ramula anapajua hata akiwa usingizini, basi ataiacha icheze, itafika pale, itaruka watu wote wakiisikia, hapo ndipo atakiweka kisahani mezani, atasimama, atasema, Mwalimu, hiyo ni mali yangu, nipe niende nayo Jinja, na akishasema ataipata, kwa hilo hana wasiwasi hata kidogo, kinachomkwaza ni ile kanuni.

Kanuni yenyewe aliitunga Mwalimu huyu huyu siku ya kwanza walipokutana, wapenzi wa muziki huu wa kale wa Wazungu usio na maneno, muziki ambao majirani wakiusikia wanakimbilia dirishani kuuliza nani amepinduliwa tena, maana redioni ulikuwa haupigwi ila serikali ikianguka au mkubwa akifa, Mwalimu akasafisha koo kama yuko mbele ya darasa akasema, hapa tunaulizana unasikiliza nini siku hizi, hatuulizani umekipata wapi, na wote wakaitikia haraka haraka bila kutazamana, kwani nani katika nchi hii ana santuri ambayo haikupita kwenye mikono ya vita, hakuna hata moja yenye jalada, majalada yaliishia kupepea sigiri, maandishi yamebanduka, aliyetunga hajulikani, majina wanazipa wenyewe, mwezi huu Mbale, mwezi ujao Jinja, na lugha ni Kiswahili, Mgisu na Msoga na Mnubi watasemea nini kingine, Kiswahili kile kile ambacho Ramula akikisema sokoni watu wanageuza shingo, wanakumbuka bunduki, hapa hakimgeuzi mtu shingo, hapa ni Mama Asadu karibu, Mama Asadu ongeza sukari, na wallahi hilo si jambo dogo kwa mjane wa askari wa jeshi lile, aliporudi kutoka Sudan hapakuwa na mtu mtaani Walukuba wa kumwazima hata kiberiti, kasoro Hajara, huyu Hajara muuza vitenge aliyekaa pale kwenye kochi na kisigino kimeponyoka kwenye kiatu, ndiye aliyemkuta barazani anadarizi mashuka huku anavumisha wimbo, akasimama, akasema, "We mama, hiyo kitu umeitoa wapi? Twende, kuna watu wana wazimu sawa na wako," ndivyo alivyoingia, bila gramafoni, bila redio ya maana, na masikio yake tu, na zamu ikizunguka, Bogere fundi wa mashine anasema siku hizi anasikiliza kinanda kimoja kinachocheza peke yake, anakipenda kwa sababu hakigombani na mtu, Hajara anasema kwaya, yeye bila watu mia wanaopiga kelele pamoja hajasikia muziki, na wakimfikia Ramula, Mama Asadu unasikiliza nini, anafumba macho anavumisha upande mzima wa santuri asiyo nayo, na wanakubali, Bogere husema masikio haya yangefaa kupelekwa kiwandani yakasikilize mashine, ndiyo, masikio hayajawahi kumwangusha, isipokuwa... hapana, hata mwezi uliopita hayakumwangusha, Hajara alikuwa anatafuta ugomvi tu.

Mwezi uliopita ilikuwa Jinja, chumbani kwa Hajara, Ramula akavumisha hii hii inayocheza sasa, Wake Wanne, jina alilolitoa Faraj, alipofika katikati Hajara akaangua kicheko, "Umeruka, shoga! Umekata kipande kizima!" akachomoa kaseti aliyoletewa kutoka Nairobi akaitia kwenye redio kusudi amuumbue, betri zenyewe zimechoka, kaseti inakokota, fidla zinalia sauti ya ng'ombe mgonjwa, na ni kweli pale katikati palikuwa na kitu, kirefu, kinajivuta, lakini Ramula aliziba masikio akasema hao wa Nairobi wameongeza maji kwenye mchuzi, Bogere akacheka mpaka chai ikamtoka puani, Hajara akaapa, Ramula akaapa zaidi, atakayeshinda ale kuku, na Mwalimu Wamboga hakucheka, sasa anakumbuka, hakucheka hata kidogo, alisema tu kwa sauti ya chini, "Hebu Mama Asadu, vumisha tena pale pale," akavumisha, akamwona anaviangalia viatu vyake, akadhani mzee amechoka na safari... haya, kipande cha kwanza kinamalizikia, fidla zimenyamaza, sindano inatembea juu ya kimya, tss, tss, Bogere anajikuna goti, nje lori linapita kuelekea kaskazini, askari wanaimba, huko Teso bado moto haujazimika, wamepita, na sasa cha pili, hicho, fidla ndogo imeuliza swali lake, kwa upole, kama kawaida yake mwanzoni.

Sikia, Faraj alikuwa akisema, sikia Ramula, hawa ni wake wanne wa bwana mmoja, huyu mdogo analalamika, hawa wawili wa katikati wanamchochea, na yule mkubwa, ile fidla nene ya kushikiwa magotini, amenuna kule jikoni hataki kujibu, naye Ramula akimwambia ukiwataka hao wanne utawapata kaburini, wakicheka, na siku ya arobaini ya Asadu, siku aliyotoka ndani na mtoto, nyumba imejaa harufu ya udi na wageni wameshaondoka, ndiyo mara ya kwanza wanaipiga santuri hii, Faraj alimchukua mtoto kifuani akaanza kucheza dansi, muziki huu huu ambao hauna dansi, amevaa buti zake za jeshi, anazunguka sebule nzima, buti ikapiga mguu wa meza, sindano ikaburuzwa, krrr, Ramula akapiga ukelele, Faraj umeiua! na mtoto wala hakuamka, akairudisha sindano mwanzo, wakasimama wote wawili wamebana pumzi, wake wanne wakagombana vizuri tu mpaka hapo mdogo anapouliza mara ya tatu kwa hasira, tk, ikaruka, na ghafla wote wanne wameshapatana, wanaimba pamoja kama hakuna kilichotokea, Faraj akasema, "Ona, nimewapatanisha mimi," na tangu siku hiyo kila ikifika pale anapiga buti chini, tk na buti, tk na buti, mpaka Ramula hakuweza tena kuusikia huo wimbo bila buti, na hicho ndicho kilichobaki cha Faraj duniani, hakuna kingine, alipelekwa magharibi na lori lake na hakurudi, kaburi hakuna, picha zote zilikuwa za magwanda, alizichoma mwenyewe jikoni siku majeshi ya Tanzania yalipokaribia Jinja, moja baada ya nyingine, kwa sababu picha ya magwanda siku ile ilikuwa hukumu, na sasa Asadu anasimama mbele ya kioo anauliza, baba alifananaje, pua hii ni yake au yako, na mama hana cha kumwonyesha, ndiyo maana anaitaka santuri, si kwa kiburi, Hajara atasema kiburi, anataka kumkalisha mwanawe siku moja amwambie, ngoja, ngoja, hapo, umesikia hiyo tk, huyo ndiye baba yako, alikuwa amekubeba... na ile ya kwamba santuri yenyewe waliikuta ndani ya nyumba ya Kimaka walipopewa, Wahindi wa watu wameshafukuzwa, mapazia bado yananing'inia, mchele umo deboni, gramafoni imefunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, hilo halihusiani, leo si siku ya hilo, leo ni siku ya shahidi, na shahidi anakuja, fidla ndogo imeuliza mara ya pili, Ramula anakisogeza kisahani mpaka ukingo wa meza, anakaza kitambaa cha kichwani, wale wawili wa katikati wananung'unika, Hajara amefumba macho, Bogere amefungua kinywa, Mwalimu amesimama kando ya gramafoni kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali, na mdogo anauliza mara ya tatu, haya Faraj, inua buti, haya, sasa...

Tk. Tk. Tk. Haikuruka. Haikuruka! inapita, sindano inapita juu ya mkwaruzo inakwaruza kidogo kila ikizunguka, tk, tk, lakini inapita, na buti ya Faraj imebaki hewani, imebaki kifuani mwa Ramula haina pa kukanyagia, na anapotazama vizuri ndipo anapoiona, juu ya mkono wa gramafoni, imebandikwa kwa plasta, shilingi moja, ile ya zamani isiyonunua tena hata pipi tangu pesa zibadilishwe, Mwalimu ameiweka pale kuukandamiza mkono, na anamsikia anamnong'oneza Bogere, "Nimeitibu, ilikuwa na kilema," kilema! anakiita kilema, amemziba mdomo shahidi wake kwa shilingi iliyokufa, na hasira inampanda Ramula mpaka masikioni, angesimama saa ile ile, miguu tayari imeshajikaza, ila kuna sauti, ni sauti gani hiyo, inatoka chini, ni yule mkubwa, yule aliyenuna jikoni, anajibu, Mungu wangu, mke mkubwa anajibu, hajawahi kumsikia akijibu, miaka yote ile hakuwahi, yeye na Faraj waliruka kutoka swali mpaka mapatano, na kumbe hapa katikati kuna jibu, tena refu, halina haraka, linarudi nyuma linaanza upya, mdogo anaingilia kidogo anaachwa aseme, wale wawili wa katikati wamenyamaza kwa adabu, na hiki ndicho Hajara alichokuwa nacho kwenye kaseti yake, maji ya mchuzi, na ndiyo huyo Hajara amefumbua jicho moja anamtazama, amebana midomo ili asicheke, haya, cheka shoga, umeshinda, nimekosea mbele ya watu, masikio yangu haya haya, aibu inamwasha usoni kidogo halafu inaisha, haimo tena, imeondolewa na hiyo sauti nene, kwa sababu Ramula anasikiliza kama hajawahi kusikiliza, analisikiliza kila neno la mwanamke yule wa jikoni, na anaona uchungu, uchungu kweli, kwamba Faraj alikufa bila kulisikia, alikufa anaamini watu wanapatana hivyo tu, buti ikipigwa chini.

Na yeye je, si ndivyo alivyoamini, alirudi Jinja akakaa barazani na sindano yake na mashuka yake akingoja siku moja aamke akute imesharuka, wamesharidhiana, hakuna aliyeuliza wala aliyejibu, na kanuni ya Mwalimu aliipenda kwa sababu ndiyo hiyo hiyo, unasikiliza nini siku hizi, hatuulizani umekipata wapi, tk, halafu tunaimba pamoja... lakini ngoja, ngoja Ramula, plasta ile ni nyeupe, mpya kabisa, haijashika hata vumbi, shilingi ile haina mwezi pale, ameiweka baada ya Jinja, baada ya kukusikia ukivumisha, aliposema hebu vumisha tena pale pale, kwa nini pale, kwa sababu anayo santuri nyumbani inayoruka pale pale na hakuna nyingine duniani inayoruka pale, alijua, alikaa kwa Hajara ameviangalia viatu vyake na alijua ni ya nani, basi ameifunga mdomo ili isimsaliti... hapana, si hivyo, mtu anayetaka kuficha anaiacha ndani ya foronya, mikutano yote hii hajawahi kuitoa, leo ameitoa, ameiweka hapa mbele yake yeye, tone la rangi juu, amesema niliikuta nayo, mbona hakusema alinunua, hakusema alipewa, na tazama mkono wake, mkono wa Mwalimu umeng'ang'ania ukingo wa gramafoni, mzee wa watu amebeba swali ambalo kanuni yake mwenyewe inamzuia kuliuliza, ameuliza kwa namna aliyoiweza, akaogopa, akaweka shilingi, na sasa anangoja, wala hamtazami, anangoja tangu mwezi uliopita, na mke mkubwa bado anajibu, anashuka, anamalizia, sasa ndiyo wanapatana, taratibu, mmoja baada ya mwingine, ni mapatano yale yale anayoyajua Ramula, nota kwa nota, lakini leo yana uzito, leo anajua yametoka wapi... haya, hotuba yake ya hii ni mali yangu nipe niende imekwenda wapi, anaitafuta haipo, wala hajaitupa, santuri bado ni yake na atalisema hilo, ila akifungua kinywa leo hatasema hilo peke yake, itabidi aseme buti, na arobaini ya Asadu, na picha jikoni, na akishaanza itabidi afike mpaka kwenye mapazia ya Kimaka na kile kitambaa cha kufumwa, mwanamke gani alikifuma, alikuwa na masikio ya namna gani, yeye aliisikia nzima, kabla ya wote, aliisikia nzima na akaiacha imefunikwa vizuri kana kwamba anakwenda dukani tu, na Ramula hajui hata jina lake, basi atasema kwamba hajui, na Mwalimu naye akitaka atasema foronya yake iliipata wapi, na asipotaka leo atasema Jinja mwezi ujao, chai itapoa, ipoe.

Na nyuzi zinatulia, upande haujaisha, bado kuna vipande vingine, Bogere anashusha pumzi anasema, "Malidadi, Mwarimu, malidadi kabisa," Hajara anajiweka sawa kwenye kochi, tayari ana neno ulimini, "Enhe, Mama Asadu? Na huyu naye ni wa Nairobi?" na Ramula anasikia mwenyewe anacheka, kwa sauti, kicheko alichokuwa anacheka Kimaka, "Umeshinda, Hajara, kula kuku wako," halafu anakiacha kisahani pale pale ukingoni, anamgeukia mzee ambaye bado anatazama sindano, na sauti inamtoka nene, haina haraka, inatoka chini.

"Mwalimu. Kirudishe kipande hiki mwanzo. Na hiyo shilingi, itoe kwanza."

"Itaruka, Mama Asadu," anasema Mwalimu, na tayari anaibandua plasta.

"Najua," anasema Ramula. "Najua inaruka wapi. Nilikuwepo ilipokwaruzwa."